Kitanda Kimetoka Chumbani: Sasa ni cha Nani?

Hoteli ikifungwa kwa ukarabati, wanaoanza kazi si fundi rangi wala fundi bomba. Ni watu wa kutoa fenicha. Vitanda, magodoro, makabati, vimeza, viti vya ukumbini, mapazia, pengine hata mazulia: vyote sharti vitoke ndipo nyundo zianze. Kazi hii huonekana nyepesi, na kwa sababu hiyo hupewa karatasi moja ya mkataba, au ujumbe wa simu tu: njoo Jumatatu na vijana wako, tutalipana kwa chumba. Wiki mbili baadaye watu hawasalimiani.

Makala haya ni ya mwenye hoteli, na vilevile ya mkandarasi mdogo mwenye Fuso moja na vijana wanane. Sheria ninayoitumia zaidi ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba, na Kenya nitaigusa panapohitajika.

Chukua mfano. Hoteli ina vyumba 60 katika ghorofa nne, na bei ni shilingi 45,000 kwa chumba, jumla 2,700,000. Siku ya tatu mkandarasi anakuta vichwa vya vitanda vimekazwa ukutani kwa skrubu, makabati ya nguo yamejengewa humo humo, na lifti imezimwa kwa sababu mafundi umeme wameshaanza. Anadai nyongeza. Meneja anamjibu kwamba walikubaliana chumba, na chumba ni kila kilichomo. Hakuna mwongo kati yao. Kila mmoja alipiga picha yake kichwani siku ya makubaliano, na picha hizo hazikuwahi kuwekwa pamoja.

Kwa maoni yangu bei ya chumba ni mtego, isipokuwa pande zote mbili zimeingia kwanza katika chumba kimoja cha mfano. Ingieni na kalamu. Hesabuni kila kipande, pigeni picha, andikeni kipi kinatoka na kipi kinabaki, kisha karatasi hiyo iambatanishwe na mkataba. Vyumba vikubwa na ukumbi wa mikutano vihesabiwe peke yake. Amueni nani anachomoa televisheni, friji ndogo na kiyoyozi, maana kiyoyozi ni kazi ya fundi na gesi yake haitaki mtu wa kubahatisha. Andikeni kama lifti itatumika na, isipofanya kazi, ghorofa inaongeza kiasi gani. Andikeni saa za kazi pia. Hoteli nyingi hazifungwi zote, hukarabatiwa ghorofa kwa ghorofa, na mgeni aliyelala chini hataki kusikia kabati likiburuzwa alfajiri.

Lakini ugomvi mkali zaidi hautokani na uzito wa kabati. Unatokana na mahali linakokwenda.

Fenicha ya hoteli ikitoka chumbani ina njia tatu. Inaweza kwenda stoo ikisubiri kurudishwa. Inaweza kwenda kutupwa. Au inaweza kuwa ya mkandarasi, auze apate chake, na ndiyo maana alikubali bei ya chini. Njia hii ya tatu ndiyo mara nyingi haiandikwi popote. Mkandarasi amepiga hesabu yake kimya kimya: magodoro 60 kwa bei ya mitumba, vitanda vya mbao ngumu, vioo. Mwenye hoteli naye amepiga yake: vitu hivyo atawauzia wafanyakazi wake, au atavipeleka kwenye nyumba yake nyingine ya wageni. Siku lori la tatu linapopita getini, kila upande unaona unaibiwa.

Wala si vitu vya kudharau. Hoteli ya Savoy ya London ilipofungwa kwa ukarabati Desemba 2007, kampuni ya mnada ya Bonhams iliuza mafungu karibu 3,000 ya vitu vya ndani yake. Samani za hoteli ya Bagamoyo hazitapigiwa mnada London, lakini kanuni ni ile ile: kilichochakaa machoni pa meneja kina mnunuzi mahali fulani. Kwa hiyo mkataba useme waziwazi umiliki unahama lini. Je, kitu kinakuwa cha mkandarasi kikitoka chumbani, kikivuka geti, au baada ya malipo ya mwisho? Kama hakihami kabisa, isemwe hivyo, na pesa ya vitakavyouzwa ni ya nani.

Savoy ina funzo jingine. Ilitarajiwa kufunguliwa tena mwaka 2009, ikafunguliwa Oktoba 2010. Ukarabati huchelewa kila mahali. Kama fenicha yako imewekwa stoo ya mtu kwa makubaliano ya miezi mitatu, nani analipa mwezi wa nne? Nani analipa mchwa wakiingia, au paa likivuja wakati wa masika? Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, ina sehemu nzima kuhusu mali iliyokabidhiwa kwa mtu mwingine kwa kusudi fulani. Aliyekabidhiwa anatakiwa kuitunza kama mtu wa busara ya kawaida angeitunza mali yake ya aina hiyo. Akifanya hivyo na bado madhara yakatokea, hawajibiki, ila kama mkataba umempa mzigo zaidi. Mwenye hoteli anayetaka ulinzi mkubwa kuliko huo auandike, na akate bima.

Kutokana na hayo yote, karatasi inayoamua kesi za namna hii mara nyingi si ile iliyosainiwa ofisini kwa kikombe cha chai. Ni ile inayosainiwa mlangoni, kila safari ya lori: tarehe, saa, namba ya gari, namba ya chumba, aina ya kitu, idadi, hali yake, kinakokwenda. Mtu wa hoteli anasaini, mtu wa mkandarasi anasaini, mlinzi wa geti anabaki na nakala. Hali isiandikwe kwa neno "nzuri" au "mbovu". Iandikwe kwa jambo linaloonekana: mguu mmoja umevunjika, kioo kina ufa kona ya kulia. Kuta za ngazi na milango ya lifti nazo zipigwe picha kabla ya kazi, kwa kuwa baadaye mikwaruzo yote ya jengo itakuwa ya mkandarasi.

Karatasi hiyo ina faida nyingine ambayo watu huikumbuka wakiwa kituo cha polisi. Hesabu zikigongana, baadhi ya wenye hoteli hukimbilia kuripoti wizi. Kwa sheria ya jinai ya Tanzania, na ya Kenya pia, mtu aliyechukua mali akiamini kwa dhati kuwa ni haki yake, bila nia ya kulaghai, ana utetezi. Lakini imani ya dhati inahitaji kitu cha kuonyesha. Kibali cha kutoka getini chenye saini ya meneja kinasema mengi kuliko kiapo. Angalia tu kama aliyesaini ana mamlaka hayo. Mkataba utaje kwa cheo watu wawili wanaoruhusiwa kubadilisha kazi au kuruhusu mali kutoka. Msimamizi wa zamu ya usiku asigeuke mwenye nyumba.

Je, makubaliano ya mdomo yana nguvu? Yana nguvu. Sheria haidai kila mkataba uandikwe. Inataka hiari ya wanaokubaliana, uwezo wao kisheria, malipo au kitu halali kinachobadilishwa, na lengo halali. Tatizo ni ushahidi: anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Mkiandika masharti yenu, mahakama kwa kawaida haitasikiliza maneno ya mdomo yanayopingana na maandishi. Kwa hiyo ile ahadi ya "makabati ya ghorofa ya nne tutaongezea" iandikwe siku hiyo hiyo. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kupokelewa kortini, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, ingawa uzito wake unategemea jinsi zilivyotunzwa. Usifute mazungumzo, usibadilishe simu bila kuyahifadhi. Mkataba wa karatasi nao ulipiwe ushuru wa stempu, la sivyo unaweza kukataliwa kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe.

Kodi nayo imewagombanisha wengi bure. Kampuni ya hoteli inapolipa huduma kwa mkazi wa nchini hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Katika mfano wetu, shilingi 135,000 zinakwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) na mkandarasi anapokea 2,565,000. Hajadhulumiwa, ila adai hati ya makato hayo, ni mali yake wakati wa kukokotoa kodi ya mwaka. Bei iseme pia kama ina VAT ndani au la.

Sasa fidia. Kazi ikichelewa, mkandarasi mkuu wa ukarabati anakaa bure na hoteli inapoteza nafasi za wageni. Je, mtu wa Fuso atalipa hasara yote hiyo? Jibu la sheria lina historia inayowahusu wabeba mizigo wenyewe. Mwaka 1854 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale. Kinu cha unga cha Gloucester kilikuwa kimesimama kwa sababu shafti yake imevunjika, na wasafirishaji wakachelewa kuipeleka inakotengenezwa mpya. Wasafirishaji hao walikuwa kampuni ya Pickford, ambayo jina lake la Pickfords hadi leo liko kwenye malori ya kuhamisha vyombo vya nyumba huko Uingereza. Mahakama ilisema mwenye kinu hawezi kudai faida yote iliyopotea kama msafirishaji hakujulishwa kwamba kuchelewa kungesimamisha kinu kizima. Wazo hilo liliingia katika Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na kutoka huko likafika Tanganyika. Leo ni kifungu cha 73 cha Sura ya 345: unalipwa hasara inayotokea kwa kawaida, au ile ambayo nyote wawili mlijua mlipokubaliana kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali hailipwi, na aliyeumizwa anatarajiwa kuchukua hatua za kupunguza hasara yake.

Kwa mwenye hoteli maana yake ni moja: mwambie mkandarasi kwa maandishi, kabla ya kusaini, kwamba vyumba lazima viwe tupu tarehe fulani kwa sababu mafundi wanaingia kesho yake. Kwa mkandarasi: ukiambiwa hivyo, panga bei na vijana wako ipasavyo. Adhabu ya kuchelewa iliyoandikwa mkatabani, tuseme milioni moja kwa siku kwa kazi ya milioni mbili na laki saba, haitatolewa kiupofu. Mahakama hutoa fidia ya kiasi cha haki, isiyozidi kiwango kilichotajwa.

Ugomvi ukishawaka, jambo la kwanza linalomjia mkandarasi ambaye hajalipwa ni kushikilia fenicha. Afikiri mara mbili. Sheria inampa fundi aliyetumia kazi au ujuzi juu ya kitu, mathalani aliyepiga vanishi viti au kubadilisha vitambaa vya sofa, haki ya kukishikilia mpaka alipwe. Aliyebeba tu toka ghorofani hadi stoo asijipe haki hiyo kama haimo kwenye mkataba wake. Akishikilia bila haki, deni lake la laki saba linaweza kugeuka madai dhidi yake ya mali ya mamilioni. Kuuza ili ajilipe ni hatari zaidi.

Kilicho salama ni kutenganisha. Kama vyumba 48 havina ubishi na 12 vina ubishi, hoteli ilipe 48 sasa, na risiti iandikwe kwamba malipo hayo hayafuti madai ya vilivyobaki. Hesabu ya pamoja ifanyike stoo, mbele ya shahidi asiye na upande. Kisha barua ya madai: kiasi, kimetokana na nini, nakala za karatasi za mlangoni, na siku za kujibu, 14 zinatosha. Barua fupi isiyo na matusi husomeka vizuri mbele ya hakimu.

Ikishindikana, deni linalotokana na mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shughuli zote ni kwa Kiswahili. Kubwa zaidi huanzia mahakama za wilaya na kuendelea. Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka sita tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Kenya pia ni miaka sita, na huko kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujitetea mwenyewe.

Kabla ya kufungua, hakikisha unamshtaki nani. Jina lililoko kwenye bango la hoteli mara nyingi ni la kibiashara tu. Jengo linaweza kuwa la kampuni moja, uendeshaji wa kampuni nyingine, na aliyekuita kazini akawa mkandarasi mkuu wa ukarabati ambaye hana hata meza mle ndani. Ukipata hukumu dhidi ya jina lisilo la mtu wala kampuni iliyosajiliwa, utahangaika kuikazia. Siku ya kusaini, omba leseni ya biashara na cheti cha usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), nakili jina herufi kwa herufi pamoja na namba yake. Hilo ndilo jina ambalo dalali wa mahakama ataulizia akifika mapokezi.