Jua Haki Zako: Kabla Hujamtumia Mpiga Picha Arbuni

Usiku wa kupamba wa mpwa wangu, hapa Mombasa, sherehe ya wanawake peke yao, mabuibui yalikuwa yameshavuliwa. Mlangoni wamekaa shangazi zake wawili na kikapu, kila mgeni akitia simu yake humo na kupewa kijikaratasi chenye nambari. Udi unafuka, bibi harusi yuko jukwaani na hina yake hadi kwenye kiwiko. Ndipo akaingia kijana wa kiume, kamera mbili shingoni. Mwanamke tuliyemkodi alikuwa amepata kazi nyingine Malindi siku hiyo hiyo, akaona amtume msaidizi wake.

Ukumbi mzima ulipiga ukelele. Watu wakagombania mabuibui, mwingine akajifunika kwa kitambaa cha meza. Yule kijana alitoka mbio, wala simlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia anapelekwa wapi. Nyanya yake bibi harusi aliimba nyimbo za lelemama usiku ule kwa sauti ambayo hatukujua kama bado anayo. Hakuna picha hata moja ya tukio hilo.

Kesho yake jamaa wakaanza: "Hamkuandikiana, basi hamna kesi." Maneno haya nayasikia kila wiki na yananiuma, kwa sababu yamewanyima watu wengi haki yao. Sheria ya Kenya inadai maandishi kwa mikataba michache tu, kama ile ya ardhi na ya kumdhamini mtu deni. Kupigiwa picha hakumo. Mkishapatana kazi, siku na bei, mkataba upo, hata kama mlipatana mkiwa mmesimama barazani. Kinachobaki ni kuuthibitisha. Sisi tulikuwa na sauti ya WhatsApp ya sekunde 13: "Dada usiwe na wasiwasi, kupamba nakuja mwenyewe, siwezi kukuletea mwanamume." Tulikuwa pia na ujumbe wa M-Pesa wa arbuni, jina lake limo. Basi usifute meseji za harusi mpaka albamu iwe mkononi mwako, na ukiweza lipa kwa nambari ya biashara yake badala ya kutuma kwenye simu ya binamu yake.

Katika kuchagua, watu huangalia picha 20 nzuri kwenye Instagram wakaridhika. Picha hizo huenda si zake, na hata zikiwa zake, ni chaguo la kazi za miaka mingi. Muombe akuonyeshe harusi moja nzima, toka nikaha hadi wageni wanaondoka, aliyopiga katika ukumbi wenye taa hafifu kama wako, kwa idhini ya wenyewe. Kisha muulize nani hasa atashika kamera, nani atakayezisafisha picha, na kadi za memori zitalala wapi usiku ule. Anayekuonyesha picha za kupamba za watu wengine bila hata kusita ameshakupa jibu: na zako ataonyesha vivyo hivyo.

Maswali haya si ya kumsumbua mtu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma za ubora unaofaa, kupata maelezo ya kumwezesha kufaidika na huduma hizo, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro zake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inamhesabu mtoa huduma kuwa amekuhakikishia ubora unaofaa, hata kama hakutamka. Akileta picha zenye ukungu, hawezi kujitetea kwamba hakuahidi kuwa zitaonekana.

Arbuni nayo ina mambo yake. Wapiga picha wengi huandika kwamba hairudishwi. Ukivunja wewe, ukaahirisha harusi wiki moja kabla, maneno hayo yana nguvu, na ni haki, kwa maana amekataa kazi nyingine kwa ajili yako. Akivunja yeye, hawezi kujificha nyuma ya sharti hilo. Pesa uliyoilipia kitu ambacho hukupata kabisa unaweza kuidai irudi. Mimi huwashauri watu wagawe malipo mara tatu: arbuni, siku ya harusi, na siku ya kukabidhiwa picha. Fungu la mwisho lisiwe dogo.

Jambo ambalo karibu kila ninayemweleza hushangaa ni hili. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wa msanii, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamepatana vinginevyo. Kwa hiyo picha za harusi ulizoagiza, pasipo mapatano mengine, ni zako wewe. Ndiyo maana nasema soma karatasi anayokupa. Mstari mmoja mdogo, "hakimiliki zote ni za studio", unatosha kukutoa kwenye umiliki huo. Ukiukuta ukate, au mwambie mpatane: yeye atumie picha 10 mtakazochagua pamoja, zilizobaki ni zako.

Kuna suala la uso ambalo ni mbali na umiliki, na hapa Pwani ndilo linalovunja nyumba. Mwanamke aliyevua buibui kwenye kupamba amewaonyesha nywele zake wanawake wenzake tu. Mwenye harusi hawezi kutoa idhini kwa niaba yake, sembuse mpiga picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake, na anayeitumia kutangaza biashara anahitaji idhini yake waziwazi. Mtoto huidhinishiwa na mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Ukikuta sura yako kwenye ukurasa wa studio, piga picha ya skrini yenye tarehe, waandikie waitoe, na wakikaidi peleka malalamiko kwa Kamishna. Huhitaji wakili.

Simu ya mgeni ni ngumu zaidi, kwani sheria hiyo haiyagusi matumizi ya mtu binafsi ya nyumbani kwake. Kwa hilo kile kikapu cha mlangoni kinafanya kazi ambayo sheria haiifanyi.

Mambo yakiharibika, wengine hukimbilia kwa Kadhi kwa kuwa ni habari ya harusi. Si mahali pake: Kadhi husikiliza ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, baina ya Waislamu. Deni la mpiga picha linakwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Unaweza kujisimamia mwenyewe, haibanwi na kanuni kali za ushahidi, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Tangulia kumpa barua ya madai yenye tarehe ya mwisho.

Usidai arbuni peke yake. Mwaka 1971 mahakama ya Scotland, katika kesi ya Diesen dhidi ya Samson, ilimwamuru mpiga picha ambaye hakutokea harusini amlipe bibi harusi pauni 30 kwa uchungu wa kukosa picha za siku yake. Uamuzi huo haumfungi hakimu wetu, lakini hoja yake unaweza kuisimamisha mbele yake: harusi hairudiwi, na aliyeikubali kazi alilijua hilo.

Sisi hatukufika huko. Barua ilimpa siku 7, na siku ya tano akarudisha pesa yote. Mpwa wangu aliipokea akanyamaza, kisha akauliza kama kuna aliyeificha simu akamrekodi nyanya. Hakuwapo.

Wewe tuma ujumbe huu kabla ya arbuni: "Dada, tumepatana utapiga picha za kupamba wewe mwenyewe, mwanamke, tarehe fulani, kwa bei fulani. Picha zote ni zetu, na hutaweka hata moja mtandaoni bila idhini yetu ya maandishi na ya kila anayeonekana. Tutazipata ndani ya wiki sita. Nijibu kama ni sawa." Akijibu ndiyo, hifadhi jibu lake, kisha fungua M-Pesa.