Kanisa Lilipofungwa Siku 20



Usiku wa kuamkia tarehe 26 Februari 2023, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, mtu mmoja alivunja na kuingia katika Kanisa Kuu la Jimbo la Geita, akaharibu vitu vitakatifu vilivyokuwamo. Habari hizo zilienea nchi nzima, na Wakatoliki wengi walilia kama watu waliofiwa. Mhashamu Askofu Flavian Kassala akatangaza kwamba kanisa hilo lifungwe siku 20, tangu tarehe 27 Februari hadi 18 Machi, isiadhimishwe humo ibada yo yote mpaka malipizi yafanyike.

Miaka imepita, lakini funzo la siku zile halijaisha. Leo twataka kulitazama tena pamoja na familia zetu, kwa sababu lina sehemu moja ambayo labda hatukuifikia.

1. Kwa nini mlango ulifungwa?

Watu wengine waliuliza: Je, haikutosha kufagia vioo, kununua vitu vipya na kuendelea na Misa? Kanuni za Kanisa, zilizotangazwa mwaka 1983, zatujibu katika Kanuni ya 1211. Yasema kwamba mahali patakatifu hunajisiwa kwa matendo mabaya mno yatendekayo humo na kuwakwaza waamini. Na kama Askofu akiona kwamba ubaya wenyewe ni mzito hivyo, hairuhusiwi kusali pale mpaka madhara yatengenezwe kwa ibada ya toba.

Angalieni hekima ya Mama Kanisa. Fundi aweza kurudisha mlango mahali pake kwa siku moja. Lakini jeraha la kufuru halizibwi kwa misumari. Jambo baya lisemwe wazi kwamba ni baya, watu walie, wafunge, waombe msamaha, hata wale wasiolitenda. Ndipo warudi mbele ya Altare. Asiyetaka kusimama mbele ya uovu na kuuona, hawezi kuuponya.

2. Parokia ilikuwa wapi siku zile?

Mlango ulipofungwa, je, parokia nayo ilifungwa? Hata kidogo. Kanuni ya 515 yatufundisha kwamba parokia ni jumuiya ya waamini, iliyowekwa imara chini ya mchungaji wake. Kwa hiyo yenyewe hutangulia, nalo jengo hufuata. Parokia yaweza kukosa paa ikabaki parokia. Lakini wakiondoka watu, zitabaki kuta tu.

Tena Mungu alipanga vizuri. Tarehe 12 Machi 2023, mlango ungali umefungwa, Kanisa duniani kote lilisoma Injili ya mwanamke Msamaria kisimani. Mwanamke yule alimwuliza Bwana wetu ni mlimani au ni Yerusalemu watu wapaswapo kuabudu, naye akamfundisha kwamba waabuduo kweli watamwabudu Baba katika roho na kweli. Hapana shaka maneno hayo yaligusa masikio ya watu wa Geita kuliko mwaka mwingine wo wote.

Maaskofu wa Afrika Mashariki waliliona jambo hili zamani. Katika mkutano wao wa AMECEA uliofanyika Nairobi mwaka 1976, walikaza kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zijengwe ziwe msingi wa uhai wa Kanisa. Nyumba kumi au kumi na tano, wanaojuana kwa majina, wanaosoma Neno la Mungu pamoja, wanaozikana na kusaidiana: hapo ndipo imani yaonekana kwa macho.

3. Hekalu jingine

Sasa yatupasa kuingia katika sehemu iliyo ngumu. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba wao wenyewe ni hekalu la Mungu, na Roho wake akaa ndani yao. Basi ikiwa sanamu iliyovunjwa ilitufanya tulie na kufunga kanisa siku 20, twafanya nini hekalu lenye pumzi linapovunjwa?

Twasema hivyo kwa sababu katika nchi hiyo hiyo ya dhahabu, na katika mkoa wa Shinyanga ulio jirani, damu ya wasio na hatia imemwagika kwa miaka mingi. Wengi waliouawa ni akina mama wazee, waliosingiziwa uchawi. Na dalili yenyewe ni nini? Macho mekundu! Katika sehemu nyingi za Usukuma miti ilikwisha, nyingine ikikatwa kwa makusudi zamani ili kuwaangamiza mbung'o. Mama wa Kisukuma aliyekosa kuni nzuri amepikia mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, miaka hamsini. Moshi ule uliowalisha watoto wake ndio uliomharibu macho. Kisha wale wale aliowapikia humnyoshea kidole. Na mara nyingine nyuma ya kidole hicho kuna shamba au ng'ombe ambao mtu anawatamani.

Watu wenye ualbino nao wamewindwa. Baadhi ya watafutaji wa mali walidanganywa na waganga kwamba kiungo cha binadamu huyo huvuta dhahabu. Mwezi wa Februari 2015, huko Chato, mkoa wa Geita, mtoto wa kiume wa umri wa mwaka mmoja alinyang'anywa mikononi mwa mama yake, naye mama akajeruhiwa kwa kumtetea. Baada ya siku chache maiti ya mtoto ilionekana msituni, viungo vimekatwa. Shule ya Buhangija, mjini Shinyanga, ilipata kuwa kimbilio la watoto wengi waliokimbizwa kutoka kwao ili wasiuawe. Mtoto anakimbia kijiji chake mwenyewe! Mwezi mmoja kabla ya tukio la Chato, Serikali ilikuwa imepiga marufuku waganga wapiga ramli. Lakini amri ya Serikali hukomea mlangoni pa nyumba, na ramli hutafutwa gizani.

Tusiwashutumu Wasukuma wala kabila lo lote kwa neno hili. Wasukuma ni watu wakarimu, ambao zamani za kale waliketi jioni kuuzunguka moto wa shikome, wazee wakiwafundisha vijana adabu na heshima. Wala haifai kuwatupia wachimbaji lawama yote. Wengi wao ni vijana waaminifu, wanaoshuka katika maduara ya Nyarugusu na Mgusu ili wapeleke karo nyumbani. Twataka tu kila Mkristu ajiulize: Siku mwanangu alipougua, nilikwenda zahanati na kusali, au nilikwenda usiku kwa mpiga ramli aniambie jina la jirani?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, yakataza uaguzi wa kila namna. Watu hudhani ni kosa dhidi ya Amri ya kwanza tu. Kumbe katika nchi yetu kosa hilo hugusa na ya tano na ya nane pia. Mpiga ramli akitaja jina, amemshuhudia jirani uongo, na jina hilo likichukuliwa na mwenye panga, aliyelinunua hawezi kunawa mikono akasema, "Mimi sikuua." Hata sisi tuliosikia minong'ono kilabuni au kisimani tukanyamaza, ukimya wetu una uzito wake mbele ya Mungu.

4. Jumuiya ifanye nini?

Imani bila matendo imekufa. Basi haya ni mambo machache ambayo kila Jumuiya yaweza kuyafanya bila kungoja fedha wala amri.

Kwanza, ijue wazee wake. Katika kila Jumuiya iandikwe orodha ya wazee wanaoishi peke yao, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, nao watembelewe kila juma. Kijana achote maji, mwingine atafute kuni, mafundi wamjengee bibi jiko lenye bomba la kutolea moshi. Mzee anayetembelewa na watu wengi mchana si rahisi kuguswa usiku.

Pili, ivunje uvumi mapema. Likisikika neno kwamba fulani ni mchawi, viongozi wa Jumuiya waende kwake jioni ile ile, waketi, wale chakula chake mbele ya macho ya kijiji, wasali Rozari nyumbani mwake. Kisha wawaarifu Padre Paroko na viongozi wa kijiji. Kumlinda mtu asiuawe hakuhitaji kibali cha mtu ye yote.

Tatu, ipokee wageni. Kambi ya dhahabu hujaa watu wasiojuana, ambao wengine hujulikana kwa jina la utani tu. Mgeni asiye na ndugu hushawishika upesi, maana hana wa kumwonea haya. Mwenyekiti amfuate, amwulize jina la ubatizo na parokia alikotoka, amkaribishe sala ya Jumuiya. Kijana anayeitwa kwa jina lake la ubatizo siku ya Alhamisi, atafikiri mara mbili kabla ya kumfuata mganga siku ya Ijumaa.

Nne, imsindikize mtoto mwenye ualbino. Asiende shule peke yake. Apatiwe kofia pana na mafuta ya kukinga jua. Aketi mbele kanisani na darasani, maana macho yake huona kwa shida. Wenzake wakimzoea utotoni, hawatadanganyika ukubwani.

Tano, ifanye malipizi. Ikitokea mtu ameuawa kijijini kwa sababu hizo, tusiendelee na nyimbo na sherehe zetu kana kwamba ni kuku aliyekufa. Jumuiya zifunge chakula, zisali Njia ya Msalaba, ziende kwa wafiwa, zimwombe Mungu msamaha kwa ajili ya kijiji kizima, na zimwombee hata muuaji aongoke na kukubali haki ya sheria. Waliofanya hivyo kwa ajili ya jengo wamejua tayari namna ya kufanya kwa ajili ya mtu.

Wasomaji wapenzi, tarehe 18 Machi 2023 siku 20 zilitimia. Sanamu mpya yaweza kuchongwa, na msalaba mpya waweza kutundikwa. Lakini bibi aliyeuawa, hakuna seremala awezaye kumchonga tena. Kwa hiyo hekalu hilo yatupasa kulilinda lingali limesimama.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani au katika Jumuiya:

1. Ni mzee gani katika mtaa wetu ambaye hatujamtembelea mwezi huu? Nani atakwenda kesho?

2. Tukiugua, twakimbilia wapi kwanza? Watoto wetu wanaona mfano gani?

3. Je, tumepata kusikia jirani akisingiziwa tukanyamaza? Tufanye nini sasa ili kulipiza?

Mama Maria, aliyesimama chini ya Msalaba wa Mwanae asiye na hatia, awaombee wote wanaolala kwa hofu usiku wa leo, na atuamshe sisi tunaolala salama.