SOMO LA KIKUNDI: Gari Likikataa Kuwaka, Anza na Taa za Dashibodi

Ndugu wanakikundi, hapa kwetu Soy gari la kikundi si la starehe. Alfajiri linabeba maziwa. Wakati wa mavuno linapeleka mahindi Moi's Bridge au Eldoret. Na usiku wa manane, mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, ni hilo hilo linaloitwa. Kwa hiyo likikataa kuwaka, shida si ya dereva peke yake. Maziwa yanaharibika na mgonjwa anangoja.

Desturi ya wengi ni kuita vijana wasukume. Likiendelea kusumbua, mweka hazina anatoa pesa ya betri mpya. Baada ya wiki chache betri hiyo nayo imekufa, na maneno yanaanza mkutanoni: "Pesa yetu imeenda wapi?" Somo hili litatuonyesha kwamba taa ndogo za dashibodi zinaweza kusema ugonjwa uko wapi kabla hatujanunua kitu. Tena, moja ya taa hizo ikiungua, inaweza yenyewe kuua betri.

Tunazungumzia magari ya zamani kama Peugeot 504, Datsun, Land Rover na Toyota Hilux za kwanza, yasiyo na kompyuta.

Vifaa: spana namba 10 na 13, msasa, brashi kuukuu, magadi, girisi, na mita ya kupima volti. Kikundi kikikosa mita, fundi wa jua kali huwa nayo.

1. UMEME UNAVYOTEMBEA

Fikiria ghala la mahindi. Betri ndiyo ghala. Altaneta ni shamba linalojaza ghala wakati injini inazunguka. Stata ni mlaji mkubwa: kwa sekunde chache inakula zaidi ya ampea 100. Balbu ya dashibodi haili hata nusu ampea. Ndiyo sababu betri iliyochoka inaweza kuwasha taa vizuri na bado ishindwe kuzungusha injini. Usiseme "betri ni nzima kwa sababu taa zinawaka."

2. JARIBIO LA UFUNGUO

Vuta breki ya mkono na uweke gia nyutro. Geuza ufunguo bila kupiga stata. Taa nyekundu ya chaji (ina picha ya betri) na taa ya oili lazima ziwake. Sasa piga stata huku ukizitazama na kusikiliza.

(a) Hakuna taa hata moja. Umeme haufiki kwenye swichi. Angalia vichwa vya betri kama vimelegea, waya wa athi unaoshika bodi na injini, na fyuzi kubwa iliyo karibu na betri.

(b) Taa zinafifia sana au kuzima, na unasikia tik-tik-tik. Betri imeisha au vichwa vyake ni vichafu. Baada ya kujaribu, gusa vichwa kwa uangalifu. Kile chenye moto hakishiki vizuri.

(c) Taa hazififii hata kidogo, na kuna kimya. Stata haikuamrishwa. Angalia ule waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi ya stata, kisha swichi ya ufunguo.

(d) Betri ina nguvu, vichwa ni safi, lakini unasikia "tak!" moja tu. Mara nyingi ni stata yenyewe: brashi zake zimeisha au solenoidi imeungua ndani. Peleka kwa fundi.

(e) Stata inazungusha injini kwa nguvu lakini haishiki. Hapo usilaumu betri. Kwa gari la petroli angalia mafuta, plagi na pointi. Kwa la dizeli lenye taa ya hita, ngoja taa hiyo izime kwanza ndipo upige stata. Baridi ya asubuhi ya huku kwetu haitaki haraka.

3. KUSAFISHA KABLA YA KUNUNUA

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme. Fungua waya wa hasi (-) kwanza, halafu wa chanya (+). Osha kwa maji ya moto yenye magadi, lakini maji hayo yasiingie ndani ya betri. Kausha, piga msasa, funga chanya kwanza na hasi mwisho, kisha paka girisi. Fanya hivyo pia pale waya wa athi unaposhika bodi. Huko kutu hujificha.

Ongeza maji safi ya betri tu, si ya mto wala ya kisima, na usiongeze asidi. Weka sigara na moto mbali, kwa maana betri inatoa hewa inayoweza kulipuka. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi bila kukawia na uende hospitali.

4. TAA YA CHAJI ISIYOWAKA

Hapa ndipo vikundi vingi hupoteza pesa. Madereva wanaogopa taa nyekundu ikiwaka, lakini hawajali isipowaka kabisa. Katika magari mengi ya zamani, umeme kidogo hupita ndani ya balbu hiyo kwenda kuamsha altaneta. Balbu ikiungua, altaneta inaweza kulala tu hata injini ikizunguka. Ghala linaliwa na halijazwi. Unaweka betri mpya, nayo inakufa vile vile, kumbe kilichohitajika ni kibalbu kidogo.

Kwa hiyo kila asubuhi: ufunguo ukigeuzwa, taa ya chaji iwake, injini ikishika, izime. Isipowaka, badilisha balbu kwanza. Ikibaki inawaka njiani, simama uangalie mkanda wa feni. Ukikatika, katika magari mengi pampu ya maji nayo imesimama, na injini itachemka.

Hakikisha kwa mita. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6; ikiwa 12.2 imebaki nusu hivi. Injini ikizunguka, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, altaneta haichaji.

Usivue kichwa cha betri wakati injini inazunguka "ili kupima chaji." Njia hiyo huunguza altaneta.

5. DASHIBODI GIZANI USIKU

Usiku mwanga wa dashibodi ukizimika, usiseme "naijua barabara." Shuka uangalie taa za nyuma. Magari mengi yana fyuzi moja kwa zote mbili. Gari lisilo na taa za nyuma kwenye barabara ya Eldoret hadi Kitale, malori yakija kwa kasi, ni hatari kubwa.

Kwanza angalia kama kuna mtu aliyezungusha kile kifundo cha kupunguza mwanga. Kisha angalia fyuzi. Weka nyingine ya ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna waya uliochubuka, mara nyingi nyuma chini ya bodi. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara. Fyuzi huungua ili gari lisiungue.

6. KUAZIMA UMEME NA KUSUKUMA

Gari la kuazima liwe la volti 12 pia. Malori mengi yana 24. Unganisha chanya kwa chanya. Waya wa hasi, mwisho wake mmoja uwe kwenye betri nzima, na mwingine kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri.

Ukisukuma, ufunguo uwe umewashwa ili usukani usijifunge, na mtu asisimame mbele. Lakini kama betri imekauka kabisa, msichoshe vijana. Gari la petroli halitakuwa na cheche.

MASWALI YA KUJADILI

1. Gari letu lilikataa kuwaka lini mara ya mwisho? Taa zilifanya nini?
2. Tumenunua betri ngapi, na kabla ya kununua nani alipima chaji?
3. Usiku kukiwa na mgonjwa, tuna hakika gari litawaka?

KAZI: Wekeni daftari ndani ya gari. Kila asubuhi dereva aandike: taa ya chaji imewaka? Imezima? Taa za nyuma ziko? Mweka hazina asome daftari hilo kabla ya kutoa pesa ya betri nyingine.