Mbwa wa jirani akikung'ata: sabuni kwanza, sheria baadaye

Huku Bashay, wilayani Mbulu, nyumba nyingi zenye ng'ombe zina mbwa, na Uislamu haukukataza mbwa wa mifugo, shamba wala uwindaji. Taabu huanza anapomrukia mtoto wa jirani anayepita kwenda madrasa.

Mzee mmoja aliletwa kwangu siku ya sita baada ya kung'atwa mguuni. Kumbe walikwisha suluhishwa: amepokea madebe mawili ya mahindi, wamepeana mikono, basi. Jeraha kalipaka udongo, akidhani ndiyo ile amri ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Ndugu yangu, hadithi ile imetaja chombo alicholamba mbwa. Wanachuoni wa Kishafii wameipanua hadi nguo na mwili, lakini jeraha wazi ni mahali pa udhuru, muulize sheikh wako. Udongo humo huweza kuleta pepopunda. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili, karibu hakuna anayepona. Chanjo huanza mara moja, na kwa kawaida hurudiwa siku ya 3 na ya 7. Tarehe nyingine utaandikiwa. Usiache katikati kwa kuwa kidonda kimekauka.

Mbwa msimuue kwa hasira. Afungwe, ofisa mifugo ajulishwe, aangaliwe siku 10. Akifa au akibadilika tabia, mwambie tabibu haraka.

Sasa haki yako. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, upewe PF3. Sisi matabibu huijaza, nayo huwa ushahidi; ila tiba isingojee karatasi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mwenye mnyama aliyezembea kuchukua tahadhari hata akahatarisha watu. Lakini faini ya kosa hilo si malipo yako. Kudai gharama ni shauri la madai, na muda wake ni miaka 3. Hapo huulizwa: alijua mbwa wake ni mkali? Alimwachia? Na wewe je, ulimchokoza, au uliingia boma la watu usiku? Fiqhi nayo inamtwika dhamana anayemwachia mbwa anayejulikana kwa kung'ata.

Binafsi napenda sulhu, maana jirani utakutana naye kesho kisimani. Ila iandikwe, iwe na mashahidi, na isifungwe kabla sindano hazijaisha. Tunza risiti za dawa na nauli, hesabu na siku ulizokosa kazi.

Mzee wetu tulimwanzishia chanjo siku ile ile. Alirudi kwa jirani na risiti zake mbele ya mwenyekiti, akalipwa nauli zote. Siku ya 10 mbwa alikuwa bado anabweka, safari hii akiwa kwenye mnyororo.