Gari Halikuwa na Bima: Nani Atanilipa?

Kila wiki huingia ofisini kwangu mtu mwenye magongo, bahasha ya picha za eksirei kwapani, na sentensi ileile: “Wakili, nimeambiwa gari halikuwa na bima, kwa hiyo sina kesi.” Ukiuliza nani alimwambia, ni dereva mwenyewe, au shemeji ya dereva. Nimeshughulikia madai ya majeruhi wa barabarani hapa Kenya kwa muda mrefu, na uongo huu umewanyima haki watu wengi kuliko ninavyoweza kuvumilia. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa sana.

Aliyenigonga hana bima. Je, haki yangu ya fidia imekufa?

Haijafa. Haki yako imezaliwa na uzembe wa dereva, haikuzaliwa na stika ya kwenye kioo. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamtaka kila mwenye chombo cha moto awe na bima ya kulinda watu wengine barabarani, na kuendesha bila hiyo ni kosa la jinai. Kosa hilo ni lake, si lako. Kinachobadilika ni mfuko utakaotoa pesa. Penye bima halali, kampuni hulipa hukumu mpaka shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Pasipo bima, unamfuata aliyekuumiza na mali yake, naye huenda anaishi chumba cha kupanga na pikipiki bado ina mkopo. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu kwamba kesi ya namna hii huanza kwa kutafuta mwenye uwezo wa kulipa, na msako huo ufanywe mapema.

Nitajuaje kwamba kweli hakuna bima?

Usikubali neno la mtu. Chukua abstrakti kituo cha polisi. Huandikwa nambari ya gari, jina la dereva, na mara nyingi kampuni ya bima na nambari ya cheti. Kisha iandikie kampuni hiyo barua na uiulize kama cheti ni chake na kama kilikuwa hai siku ya ajali. Nimeona vyeti bandia, na nimeona pia kinyume chake: mwenye gari anakana bima ili asiharibu rekodi yake, kumbe alilipia mwezi mzima. Matatu nyingi hukata bima ya mwezi mmoja mmoja, kwa hiyo tarehe, hata saa, ni jambo la kuchunguza.

Tofautisha pia “hakuna bima” na “kampuni haitaki kulipa.” Kampuni ikisema mteja wao alivunja masharti ya mkataba, huo ni ugomvi mwingine, na sheria haiipi kampuni uhuru wa kukukimbia kirahisi hivyo. Wewe hukuweka sahihi kwenye mkataba wao. Lakini lazima ipewe notisi rasmi ya kesi kwa wakati. Mimi huituma kabla ya kufungua kesi, nisije nikabanwa na siku.

Nimshtaki dereva au mwenye gari?

Wote wawili, na usiishie hapo. Hapa ndipo kesi nyingi huokolewa au huzikwa.

Kwa ada ndogo unaweza kupata rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, zinazoonyesha gari limesajiliwa kwa jina la nani. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema aliyesajiliwa huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Mtu aliyeuza gari miaka miwili iliyopita bila kubadilisha umiliki atashtuka kupokea karatasi za mahakama. Akileta ushahidi wa mauzo, vyema: ametuonyesha mwenye gari wa kweli.

Uliza dereva alikuwa anamfanyia nani kazi. Kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kila jioni kwa mwenye pikipiki hayuko peke yake. Aliyempa pikipiki na kupokea hesabu anaweza kuwajibika kwa uzembe wake. Lori lililokuwa likibeba mchanga wa mkandarasi, gari la shule, pikipiki ya kampuni ya kupeleka vyakula: nyuma ya dereva maskini mara nyingi kuna mwajiri mwenye akaunti benki.

Kisha tazama barabara yenyewe. Kulikuwa na gari jingine lililomchomekea dereva huyo mpaka akakugonga? Hilo huenda lina bima, na hata likipatikana na sehemu tu ya lawama, kuna wa kulipa sehemu hiyo. Mkandarasi aliacha rundo la kifusi bila alama wala taa? Muunganishe kwenye kesi.

Mwisho, jitazame wewe. Kama uliumia ukiwa kazini, mathalani wewe ni mpeleka barua au utingo, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inakupa dai kwa mwajiri wako bila kuhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Dai hilo lifikishwe ndani ya miezi 12.

Siku za kwanza nifanye nini?

Tibiwa kwanza. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Wanaokuuguza wailinde haki hiyo pale mlangoni hospitalini. Ajali iripotiwe polisi, mpewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Fomu ya P3 ni ya bure. Ijazwe na daktari majeraha yakiwa bado yanaonekana. Pigeni picha za gari na nambari yake kabla halijaburutwa. Chukueni nambari za simu za mashahidi, hasa wale wenye vibanda kando ya barabara, kwa sababu kesho watakuwepo palepale. Na risiti, tafadhali, risiti zote, hata ya teksi ya kwenda kliniki. Maumivu hakimu atayakadiria kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia, lakini gharama zisizo na risiti mahakama huzikata.

Familia ya dereva imekuja na shilingi elfu thelathini. Wanasema tumalizane nyumbani, kwa kuwa hata tukienda mahakamani hatutapata kitu. Mume wangu bado ana vyuma mguuni. Tufanyeje?

Dada yangu, pole sana. Maridhiano si dhambi. Nimesimamia mengi, na mdaiwa asiye na bima hulipa vizuri zaidi anapokubali mwenyewe kuliko anapoburutwa. Tatizo ni wakati na karatasi. Mguu wenye vyuma huenda ukahitaji upasuaji wa pili wa kuvitoa, na hakuna ajuaye leo kama mume wako atarudi kwenye kazi yake ya awali. Pokeeni pesa za matibabu mkitaka, lakini muandikiane kwamba ni malipo ya awali, si ya mwisho. Msiweke sahihi kwenye maneno kama “hatutadai tena.” Daktari atoe kwanza ripoti ya hali yake ya baadaye, ndipo mzungumze jumla. Mkikubaliana kulipwa kwa awamu, kesi ifunguliwe na makubaliano yasajiliwe mahakamani, ili awamu ikikosekana muwe na hukumu mkononi.

Wala kesi ya trafiki isifutwe kwa sababu yenu. Dereva akitiwa hatiani na hatia hiyo isipotenguliwa kwa rufaa, Sheria ya Ushahidi inaifanya kuwa thibitisho katika kesi yenu ya madai, ingawa bado anaweza kudai kwamba mume wako alichangia ajali.

Nina muda gani?

Miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali, mwaka 1 tu. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 muulize wakili kama linafaa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Nikishinda na bado halipi?

Unaikazia hukumu. Madalali wa mahakama wanaweza kukamata gari na mali nyingine, benki ikaamriwa kuachilia pesa za mdaiwa, sehemu ya mshahara ikakatwa. Anayeficha mali anaweza kuitwa aeleze kwa nini asifungwe jela ya madai. Yote haya yanachosha, na kwa mdaiwa asiye na kitu hayazai kitu. Sitakudanganya.

Uingereza, kampuni za bima zimekuwa na chombo cha pamoja tangu 1946 kinachowalipa walioumizwa na madereva wasio na bima. Afrika Kusini ina mfuko unaotokana na tozo ya mafuta. Kenya haina mfuko wa namna hiyo. Ule wa kuwafidia wenye bima huhusu kampuni za bima zilizofilisika. Nimelisema hili kila nilipopata nafasi na ninalirudia: kila anayenunua petroli kwa ajili ya bodaboda angeweza kuchangia senti chache, na yule mama anayeuza mboga pembeni asibaki kilema na deni la hospitali.

Mtoto wangu aligongwa akiwa na miaka 9. Niliambiwa anaweza kusubiri mpaka atimize 18. Ni kweli?

Usitegemee hilo. Wengi wanajua kwamba sheria ya ukomo huwapa watoto muda zaidi, lakini hawajasoma mpaka chini: katika madai ya majeraha, muda huo una sharti linaloweza kumwacha nje mtoto aliyekuwa mikononi mwa mzazi siku ya ajali. Wewe unaruhusiwa kushtaki kwa niaba yake sasa hivi. Kama miaka 3 haijaisha, njoo na abstrakti na cheti chake cha kuzaliwa wiki hii.