Bawa Lijiongozalo

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo, aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora, au aliyetoka Tabora kwenda Ujiji, alikwenda kwa miguu katika msafara. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Tabora, iliyoitwa Kaze siku zile, mwezi wa Novemba. Walikuwa njiani siku 134. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, ameshika bendera, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walimfuata na mizigo yao. Kirangozi ilimpasa kujua mambo matatu: mahali alipo, mahali aendako, na namna ya kuirudia njia akiiacha. Tena alikuwa na macho. Akiuona mto umefurika, alisimama.

Siku hizi ziko ndege ndogo zisizo na mtu ndani, ambazo huongozwa kwa redio kutoka chini. Namna moja ya ndege hizo haina mkia wala kiwiliwili. Yote ni bawa tu, hata aitazamaye angani huidhani ni mwewe. Wazo hili si jipya. Ndugu wawili wa Ujerumani, Walter na Reimar Horten, walirusha ndege ya namna hii, isiyo na injini, mwaka 1933. Faida yake ni kwamba bawa tupu ni jepesi, wala hewa hailizuii sana. Kwa hiyo betri ndogo hulipeleka mbali.

Fundi hulikata bawa katika povu gumu, kama lile liwekwalo ndani ya sanduku la redio mpya ili isivunjike. Ncha mbili za bawa hurudi nyuma, mfano wa kichwa cha mshale, na ndani hupitishwa kijiti kigumu ili lisipinde. Nyuma huwekwa mota ya umeme yenye pangaboi, nayo hulisukuma bawa mbele. Kwenye ukingo wa nyuma hufungwa vibao viwili, kimoja kila upande, navyo ndivyo usukani. Vyote viwili vikiinuka, pua hupanda. Vyote vikishuka, pua huinama. Kimoja kikiinuka na mwenziwe akashuka, bawa hulala upande na kugeuka.

Jambo kubwa kuliko yote ni mizani. Ndege ya kawaida hutulizwa na mkia wake, kama tiara itulizwavyo na mkia wake. Bawa halina mkia. Basi uzito wake hauna budi kukaa mbele kidogo, na ukingo wake wa nyuma kuinuliwa kidogo. Fundi hulibeba bawa juu ya ncha za vidole viwili, mahali alipopima na kutia alama. Likiinama mbele kidogo, ni vyema. Likiinama nyuma, huisogeza betri mbele. Asipofanya hivyo, pua itapanda, mwendo utakufa, na bawa litaanguka kabla mtu hajawahi kulizuia.

Bawa likisha kuwa na mizani, hupewa kirangozi wake, yaani chombo cha kulifanya lijiongoze. Mwaka 1914, huko Ufaransa, Mmarekani Lawrence Sperry aliiacha ndege yake ijiongoze, akainua mikono yake juu mbele ya watu waliokuwa wakimtazama. Chombo chake kilikuwa na magurudumu yazungukayo upesi mfano wa pia, kwa kuwa pia izungukayo hukataa kulala. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kipande kidogo kuliko ukucha, kihisicho kila mwinamo. Chombo cha pili hupima kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa isukumavyo. Nayo hupungua kadiri bawa lipandavyo, na hivyo kimo hujulikana. Cha tatu hupokea mawimbi ya redio kutoka kwa setilaiti zilizo juu kilomita 20,000 hivi, na kwa hayo hujua mahali bawa lilipo. Kompyuta ndogo hulinganisha habari hizi zote na njia iliyoandikwa na mtu, ikaviamuru vibao mara nyingi katika kila sekunde.

Lakini kirangozi huyu, katika mabawa yaliyo rahisi, hana macho. Tuseme bawa limeagizwa liruke mita 50 juu ya mahali lilipoanzia, na mbele yake kuna kilima cha mita 60. Litakwenda sawasawa kama lilivyoagizwa, likakigonga kilima. Kosa si la chombo. Ni la mtu aliyeandika njia bila kuitazama nchi.

Tabora ina fundisho lake pia. Tarehe 27 Februari 1920, ndege kubwa ya Kiingereza ya aina ya Vickers Vimy, iliyojaribu safari ya kutoka Uingereza hadi Cape, ilianguka Tabora, na safari yake ikaishia hapo. Ajali za ndege huwa na sababu nyingi. Lakini arushaye chochote Tabora akumbuke kwamba mji huo uko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yake ni pungufu kuliko ya Bagamoyo kwa sehemu moja hivi katika kumi, na jua la mchana huizidi kuipunguza. Bawa linalobebwa vizuri na hewa ya pwani, hapa litahitaji mwendo zaidi.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kurusha, fundi mwenye akili huondoka asubuhi, kabla ya joto na upepo. Huchagua uwanja mpana, mbali na watu, miembe na nyaya za umeme. Hutazama kama vibao vinatii. Kisha hulitupa bawa kuelekea upepo utokako, pua sawa na upeo wa macho, na kuliongoza mwenyewe kwa redio. Likisha tulia juu sana, ndipo humwachia kirangozi, kidole kikiwa tayari kumpokonya kazi.

Mabawa ya namna hii yamekwisha kufanya kazi kubwa nchini.  Na mwaka 2016, Unguja na Pemba zilianza kupigwa picha kutoka angani kwa mabawa ya povu yaitwayo eBee, yaliyoundwa Uswisi, ili zichorwe ramani mpya. Vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kuyarusha. Bawa hilo lina uzito wa chini ya kilo moja, na hurushwa kwa mkono.

Hata hivyo, kitu chepesi kiangukacho kutoka juu chaweza kumjeruhi mtu, au kuiponza ndege yenye abiria. Kwa hiyo sheria haimruhusu mtu kurusha chombo kama hiki bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kirangozi wa zamani aliweza kumwambia bwana wake kwamba njia ni mbaya. Kirangozi wa bawa hutii tu. Basi busara yote haina budi kuwamo kichwani mwa yule amtumaye.

MASWALI
1. Kirangozi wa msafara ilimpasa kujua mambo gani matatu?
2. Kwa nini uzito wa bawa hauna budi kukaa mbele kidogo?
3. Eleza kazi ya kila kimoja cha vyombo vitatu vya kirangozi wa bawa.
4. Bawa limeagizwa kuruka mita 80 juu ya mahali lilipoanzia. Mbele kuna kilima cha mita 70, na juu yake mti wa mita 15. Je, litapita?
5. Kwa nini ni vyema kurusha bawa asubuhi katika mji wa Tabora?