Kibaba Kimoja cha Maji

Swala ya jeneza haina rukuu wala sijda. Takbira nne, umesimama tu, na ikitolewa salamu watu wananyanyua jeneza wanaondoka. Ukizubaa imekupita. Mimi ilinipita nikiwa humohumo msikitini, Magomeni, sijatoka hata nje ya geti.

Marehemu ndiye aliyenisomesha alifu-bee-tee nikiwa na miaka sita, na ndiye aliyenichapa mpaka Juzuu Amma ikakaa kichwani. Adhuhuri ile niliswali safu ya tatu, jeneza liko mbele. Imamu alipotoa salamu nikahisi kama udhu umetanguka. Nasema "nikahisi" kwa sababu hapakuwa na kitu. Ila mwenye wasiwasi wa udhu haulizi kama kuna kitu, anainuka. Nikapenya kati ya watu, nikakaa kwenye kigoda cha saruji, nikafungua bomba. Uso mara tatu. Maji yamefika chini ya kidevu? Tena. Kiwiko cha kushoto je? Tena. Nilipofika miguuni nikakumbuka kwamba nia sikuiweka sawasawa pale mwanzo wa uso, nikaanza upya. Mzee aliyekuwa anasubiri bomba nyuma yangu akaniuliza, "Kijana, unatawadha au unafua?"

Nilipomaliza, jeneza lilikuwa linapita mlangoni. Niliingia chini yake nikabeba, na hata pale, mwalimu wangu akiwa juu ya bega langu, nilikuwa nawaza kisigino.

Wenzangu niliowasimulia wamekuwa wakiniuliza nimeponaje, na niliwaahidi hatua tano. Ngoja nijaribu.

Ya kwanza ni elimu. Kutawadha sikufundishi, ulifundishwa chuoni. Kumbuka tu kwamba fardhi za udhu kwetu Mashafii ni sita, na kurudia mara ya nne hakumo. Kumbuka pia Mtume alivyomwelekeza mwenye kuhisi kitu ndani ya swala: asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Hilo nililijua tangu utotoni na bado niliinuka. Kwa hiyo elimu peke yake haitoshi.

Ya pili nilitaka kuandika dua, lakini kwanza nizungumzie maji. Kuna duka moja, silitaji, niliuziwa chupa ya "maji ya wasiwasi" kwa shilingi 15,000. Muuzaji ana ndevu nzuri na ulimi mzuri zaidi. Ninywe asubuhi na jioni, akasema, na mengine nichanganye na ya kutawadhia. Sasa nisaidieni: mtu tatizo lake ni kuhangaika na maji, wewe unampa maji mengine ya kuhangaikia! Siku mbili nzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu kama maji yaliyochanganywa bado yanafaa kwa udhu. Niliporudi kumuuliza, akaniuzia habbasoda.

Dawa yenyewe niliipata Pangani kwa bibi, wala hakujua kwamba ananipa dawa. Maji ya bibi yanakaa mtungini, na juu ya mtungi kuna kata ya kifuu. Alfajiri nilimwona ameketi uani. Kata ya kwanza: viganja, mdomo, pua, uso. Kata ya pili: mikono, kichwa, masikio, miguu. Amemaliza. Mchanga ulilowa mahali padogo kama sinia. Nikamuuliza, "Bibi, umejuaje kama yamefika kote?"

Akanitazama. "Yameisha," akasema, akaenda kutandika mkeka.

Neno hilo nilirudi nalo Dar njia nzima. Imepokewa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na kwetu mudi ni kibaba, robo ya pishi. Kibaba tunakijua kwenye methali na kwenye zaka ya fitri. Kukihusisha na bomba hatukumbuki. Ni kama ujazo wa viganja viwili vilivyokutanishwa, na wengi hukadiria kwamba hakifiki lita moja. Mtume, kibaba. Mimi kila swala nilikuwa namaliza ndoo.

Basi nikanunua birika la plastiki Kariakoo, nikalipima kwa chupa ya nusu lita. Chupa moja na nusu, nikachora mstari. Sharti ni moja tu: maji yakiisha, udhu umeisha. Hakuna kuongeza, hakuna kufungua bomba, hakuna kumuuliza mama "umeniona nimeosha?" (nilikuwa nikimuuliza, msicheke). Siku ya kwanza yaliniishia kabla ya mguu wa kushoto, kwa sababu uso niliusugua kama sufuria ya ubwabwa. Mguu ule nikauongezea kikombe kimoja, siku hiyo tu; kesho yake nikagawa vizuri: robo ya viganja, mdomo na pua, robo ya uso, robo ya mikono, robo ya miguu. Kichwa kinataka unyevu tu. Nikaenda kuswali moyo unanidunda, nina hakika swala haifai. Nikaswali hivyohivyo. Wiki ya pili, hivyohivyo. Kama wiki ya tano nilimaliza sunna ndipo nikagundua kwamba kisigino sikukiwaza kabisa.

Kilichoniuma ni kwamba miaka yote hiyo niliita jambo hili uchamungu. Mwanachuoni Ibn al-Jawzi wa Baghdad, zaidi ya miaka 800 iliyopita, alisimulia kisa cha mtu aliyemlalamikia mwanachuoni mwenzake, Ibn Aqil, kwamba anajizamisha majini mara nyingi na bado ana shaka kama ametwaharika. Ibn Aqil akamwambia aende zake, swala haimlazimu: mwendawazimu hana lawama, na anayezama majini kisha akatilia shaka kama amelowa ni mwendawazimu. Nilikisoma kwenye daladala nikacheka mpaka kondakta akanigeukia. Mimi Mungu sikuwahi kumtilia shaka. Nilijitilia shaka mwenyewe: kwamba mtu kama mimi, na mambo yangu ninayoyajua, hawezi kuswali ikapokewa, kwa hiyo lazima kuna mahali hapajalowa.

Ya tatu, nne na tano, harakaharaka. Hirimia mara moja, usirudie takbira. Dua usiache. Na kama umefika mahali ngozi inachubuka kwa kunawa au kazini huendi, nenda hospitali. Muhimbili wana wataalamu wa magonjwa ya akili, na kwenda huko hakupunguzi imani ya mtu.

Jumamosi iliyopita nilitawadha nyumbani kwa birika, nikaenda makaburini. Katika madhehebu yetu, aliyekosa swala ya jeneza anaweza kuiswali kaburini; Mtume alimswalia hivyo mfagiaji wa msikiti wake. Nikasimama mbele ya kaburi la mwalimu, takbira nne, salamu, nikarudi kituoni.

Birika limeanza kuvuja mdomoni, na halijamaliza hata mwaka. Ukienda Kariakoo, ongeza hela kidogo ununue la alumini.